Kimathi: Mwana wa Nyandarua aliyelala bila kaburi

MTAA wa Mwihoko, unaokua kwa kasi katika eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, umezungukwa na historia ambayo wengi wa wakazi wake huipita kila siku bila kuitia maanani. Upande wa magharibi, ng'ambo ya Barabara ya Thika, lipo Gereza Kuu la Kamiti. Kaskazini magharibi, asubuhi ambapo anga imetakata na vumbi la ujenzi halijatimka, hujitokeza mgongo mrefu wa samawati wa safu ya milima ya Nyandarua.

Kati ya milima hiyo na gereza hilo ndimo yalimopita maisha ya Dedan Kimathi wa Waciuri. Milima ilimlea, ikamficha na kumpa jina. Gereza lilimtia kitanzi na mpaka leo halijarejesha mifupa yake.

Jina la Kimathi linafahamika na kila mtoto wa shule nchini Kenya. Kisichofahamika sana ni kwamba umaarufu wake haukujengwa kwa bunduki pekee. Ulijengwa pia kwa miguu na macho, na kwa ujuzi wa mlima ambao maafisa waliofunzwa katika vyuo vya kijeshi vya Uingereza walichukua miaka minne kuukaribia.

Mlima wenye majina mawili

Wakenya wengi wakitaja mlima humaanisha Mlima Kenya au Kilimanjaro. Nyandarua husahaulika, ingawa safu hiyo ina urefu wa takriban kilomita 160, kuanzia karibu na Nyahururu hadi miinuko iliyo juu ya Limuru na Kijabe. Kilele chake kirefu zaidi, Satima, kina mita 4,001. Kilele cha pili, Kinangop, kilicho upande wa kusini, kina mita 3,906.

Wagikuyu waliupa mlima huo jina la Nyandarua kwa sababu ukitazamwa kwa mbali hufanana na ngozi iliyoanikwa ikauke. Mnamo 1884 msafiri wa Kiskoti, Joseph Thomson, aliupachika jina la Aberdare kwa heshima ya bwana mmoja aliyekuwa rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Bwana huyo hakuwahi kuukanyaga. Hivyo mlima ukawa na majina mawili, moja la wenyeji na jingine la ramani, na vita vya miaka ya 1950 vilikuwa kwa kiasi fulani vita vya kuamua ni jina lipi lililokuwa na haki.

Anayeupanda kutoka mashariki hupitia tabaka moja baada ya jingine. Chini kuna mashamba ya chai, kisha msitu mnene wa mierezi, migumo na miti mingine mikubwa ya kiasili. Juu yake, kuanzia karibu mita 2,400, huanza ukanda wa mianzi iliyosongamana hata jua la adhuhuri likawa kama machweo. Baada ya mianzi huja miti iliyojikunja na kuota ndevu za kuvu, na mwishowe, kupita mita 3,000, hufunguka nyika ya nyasi za mafungu, lobelia kubwa na mimea minene ya senesio inayosimama ukunguni kama watu. Usiku maji huganda huko juu. Mchana mvua na ukungu hubadilishana zamu bila taarifa.

Mwana wa mteremko

Kimathi alizaliwa Oktoba 31, 1920, katika kijiji cha Thegenge, Tetu, Nyeri, chini ya mteremko wa mashariki wa safu hiyo. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, akalelewa na mama yake na jamaa wa boma. Kama wavulana wa zama zake, alichunga mifugo kando ya msitu, akajua mapema ni mto upi huvukika na ni njia ipi ni ya wanyama.

Alianza masomo katika shule ya Karuna-ini akiwa na umri wa karibu miaka 15, kisha akaendelea Tumutumu, kituo cha misheni ya Kanisa la Skotlandi. Karo ilikuwa shida. Husimuliwa kwamba alijipatia sehemu ya fedha hizo kwa kukusanya mbegu za miti na kuiuzia idara ya misitu. Kazi hiyo ndogo ilimpeleka ndani ya msitu akiwa bado kijana, akajifunza kuutambua mti kwa gome na majani yake. Serikali iliyomlipa senti kwa mbegu haikujua kwamba ilikuwa ikimfundisha ramani.

Shuleni alisifika kwa Kiingereza, mashairi na midahalo, na pia kwa ukaidi. Mapema miaka ya 1940 aliandikishwa jeshini lakini hakudumu. Baadaye alifanya kazi mbalimbali, ikiwemo ualimu Tumutumu, na hakukaa sana katika yoyote. Alijiunga na chama cha Kenya African Union (KAU), na kufikia 1952 alikuwa katibu wa tawi lake katika maeneo ya Ol Kalou na Thomson's Falls, mji ambao leo ni Nyahururu. Hapo alikuwa amehamia upande wa pili wa mlima, wa magharibi, palipotawaliwa na mashamba ya walowezi. Alikuwa sasa ameujua mlima kutoka pande zote mbili: upande wa waliopokonywa ardhi na upande wa waliopewa.

Kupanda bila kurudi

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari. Viongozi wa KAU wakakamatwa, na maelfu ya vijana wakaanza kuelekea misituni. Kimathi, aliyekuwa amekamatwa mwaka huo na kutoroka, alikuwa miongoni mwao.

Waliopanda Nyandarua hawakuwa wapanda milima. Wengi walikuwa vibarua, makarani, wachuuzi na wakulima waliozoea moto wa jikoni na blanketi. Baridi iliwaua baadhi yao kabla ya risasi. Waliosalia walilazimika kujifunza upya mambo yaliyojulikana na wawindaji wa kale: kupika usiku kwa mianzi mikavu isiyotoa moshi mwingi, kuepuka mianzi mibichi kwa kuwa pingili zake hulipuka motoni kama bastola, kufuata njia za nyati na ndovu ili nyayo zao zipotee, na kumwacha mtu wa mwisho mstarini afute alama za wenzake. Walivaa ngozi kwa sababu nguo za dukani zilichanika miibani na harufu ya sabuni iliwafichua kwa wanyama na kwa askari. Walijifunza kusikiliza. Mbega akinyamaza ghafla au ndege akipiga kelele pasipo sababu, kambi ilihama.

Hapa ndipo Kimathi alipowazidi wenzake. Wakili wake mkubwa alikuwa mpangilio. Agosti 1953, katika mkutano wa Mwathe ndani ya msitu wa Nyandarua, makundi yaliyokuwa yametawanyika yaliunda Baraza la Ulinzi la Kenya, yeye akiwa mwenyekiti. Wapiganaji waligawanywa katika majeshi yenye majina na maeneo: Ituma Ndemi la Nyeri, Gikuyu Iregi la Murang'a, Kenya Inoro la Kiambu, na mengine. Februari 1954 likaundwa Bunge la Kenya, msituni humohumo, naye akachaguliwa kuwa waziri mkuu wake.

Jambo lililowashangaza Waingereza baadaye ni wingi wa karatasi. Kimathi aliandika bila kuchoka. Aliagiza makamanda waweke madaftari ya majina ya wapiganaji, vifo, silaha na mapigano. Barua zilipitishwa kwa matarishi waliovuka mabonde usiku, na mti mmoja mkubwa wa mugumo ulio ndani ya hifadhi ya leo hukumbukwa kuwa ndio uliokuwa posta yake. Alitaka siku moja mtu asome na ajue kwamba waliokuwa huko hawakuwa wahuni wa msituni bali watu wenye serikali yao.

Ni muhimu pia kueleza upande wake mgumu. Alikuwa mkali hadi kuogopwa na watu wake. Kadiri vita vilivyobana ndivyo alivyozidi kushuku, na wapo wapiganaji waliohukumiwa kifo kwa amri yake. Mwaka 1955 mgogoro kati yake na Stanley Mathenge, kamanda aliyeheshimiwa sana lakini asiyekuwa na elimu ya darasani, uliwagawa wapiganaji wa Nyandarua. Kundi la Mathenge liliona kwamba waliosoma walikuwa wakijitwalia uongozi wa vita vilivyopiganwa na wasiosoma. Lalama hiyo haikuisha na vita. Iliendelea kusikika nchini baada ya uhuru, kila ardhi na vyeo vilipogawanywa.

Mlima wakati wa mabomu

Mwanzoni Waingereza waliuchukulia mlima kama mandhari ya kitalii. Nyandarua ilikuwa imetangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1950. Katika hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti mwaka 1932, ndimo alimokuwa Binti Mfalme Elizabeth usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, baba yake alipofariki naye akawa malkia. Miaka miwili baadaye, Mei 1954, wapiganaji wa Mau Mau waliiteketeza hoteli hiyo.

Kufikia wakati huo msitu ulikuwa umetangazwa eneo la marufuku, ambapo aliyeonekana aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Ndege za kijeshi, zikiwemo Lincoln zilizoundwa kwa ajili ya vita vikuu, ziliangusha mabomu juu ya mianzi. Mabomu hayo yaliua wanyama wengi. Nyati na ndovu waliojeruhiwa wakawa hatari kwa kila mwenye miguu miwili, awe mpiganaji au askari.

Hata hivyo, si mabomu yaliyouvunja mlima. Ulivunjwa kutoka chini. Kuanzia katikati ya 1954 wakulima wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walihamishwa kwa nguvu wakawekwa katika vijiji vyenye ulinzi, na mitaro yenye miti iliyochongwa ikachimbwa kando ya msitu na wanakijiji wenyewe kwa kazi ya lazima. Wanawake waliokuwa wakipeleka unga, dawa na habari wakakatiwa njia. Aprili 1954, operesheni kubwa jijini Nairobi ilikuwa tayari imezoa makumi ya maelfu ya watu na kukausha chemchemi ya fedha na risasi. Mlima unaweza kumficha mtu, lakini wenyewe haulimi mahindi.

Mwaka 1956 Kimathi alibaki na kundi dogo, akiwindwa na afisa wa polisi Ian Henderson, mzungu aliyekulia Nyeri na kuzungumza Kigikuyu. Henderson alitambua kwamba askari wa kigeni wasingemkamata mtu huyo kamwe. Akawatumia wapiganaji waliosalimu amri, waliojua njia zilezile, miti ileile ya mugumo na desturi ileile ya kuomba wakielekea Kirinyaga. Ujuzi wa mlima ndio uliomlinda Kimathi kwa miaka minne, na ujuzi huohuo, ukiwa mikononi mwa waliokuwa ndugu zake, ndio uliomfukuza hadi ukingoni.

Oktoba 21, 1956, alfajiri, njaa ikiwa imemsukuma kushuka kutafuta chakula, alipigwa risasi mguuni na askari Mwafrika wa polisi wa akiba alipokuwa akivuka kati ya msitu na mashamba ya Tetu. Alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Alikamatwa katika eneo lilelile alimozaliwa, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 36. Picha yake akiwa amelala juu ya machela, nywele zimesokotana na mikono imefungwa, ilichapishwa katika vikaratasi na kusambazwa ili kuwavunja moyo waliosalia. Miaka ilipopita, picha hiyohiyo ikawa nembo ya ushujaa.

Kutoka Nyeri hadi Kamiti

Kesi ilisikilizwa Nyeri mnamo Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akisaidiwa na washauri watatu Waafrika. Kimathi hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa lililokuwa na adhabu ya kifo chini ya sheria za hali ya hatari. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kusalimu amri. Novemba 27 alihukumiwa kifo, na rufaa zake zikatupwa, hadi ile iliyopelekwa London.

Alihamishiwa Kamiti. Mkewe, Mukami, alikuwa naye kizuizini katika gereza hilo upande wa wanawake. Siku moja kabla ya kunyongwa, Kimathi alimwandikia barua kasisi Mkatoliki aliyekuwa akimtembelea. Ndani yake hakuzungumzia milima wala vita. Alihangaikia elimu ya mwanawe na hali ya mkewe.

Alinyongwa alfajiri ya Februari 18, 1957, na kuzikwa ndani ya eneo la gereza bila alama. Alikuwa mmoja wa Wakenya zaidi ya 1,000 walionyongwa katika kipindi hicho cha hali ya hatari, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa katika koloni jingine lolote la Uingereza katika vita vya namna hiyo.

Heshima iliyochelewa

Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, barabara zilipewa jina lake, lakini sheria iliyoipiga marufuku Mau Mau iliendelea kuwepo kwa miaka 40. Iliondolewa mwaka 2003, chini ya Rais Mwai Kibaki, ambaye pia alizaliwa Nyeri. Februari 18, 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake, Kibaki alizindua sanamu ya Kimathi jijini Nairobi katika barabara yenye jina lake. Chuo kikuu cha teknolojia cha Nyeri nacho kinaitwa Dedan Kimathi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso yaliyofanywa na kukubali kuwalipa fidia wahanga 5,228.

Kaburi pekee ndilo halikupatikana. Oktoba 2019 habari zilienea kwamba mahali alipozikwa pametambuliwa ndani ya Kamiti, serikali ikakanusha. Mukami, aliyeomba mabaki ya mumewe tangu tawala za mwanzo za Kenya huru, alifariki Mei 2023 bila kuyapata. Alizikwa Njabini, Kinangop, chini ya mteremko wa kusini wa Nyandarua.

Njabini leo inajulikana kwa jambo jingine. Kila Jumamosi alfajiri, makundi ya vijana kutoka Nairobi, Ruiru na Thika hufika hapo wakiwa na viatu vizito na mifuko ya mgongoni kuupanda mlima uitwao Elephant Hill, wenye zaidi ya mita 3,500. Wengine huelekea kaskazini hadi Satima na yale majabali yake yaliyochongoka. Hupita mianzi ileile, wakachafuka kwa matope yaleyale, na walinzi wa misitu huwaonya kuhusu baridi, ukungu na nyati, mambo matatu ambayo hayajabadilika tangu 1953. Wanaopitia njia hizo kwa saa nane kwa ajili ya burudani hupata walau fununu ya maana ya kuishi humo miaka minne bila hema.

Mlima wenyewe umekuwa na vita vyake. Ukataji miti na ujangili uliukondesha hadi uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 ulipokamilishwa kuuzunguka mwaka 2009, baada ya kazi ya miaka 20. Mwaka 2024 mzozo ulifika mahakamani kuhusu mpango wa barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru, ambayo ingepasua msitu huo. Barabara hiyo ni sehemu ya mradi uliopewa jina la Mau Mau. Watetezi wake walitaja mazao yanayooza kwa kukosa njia fupi ya soko, nao wapinzani wakataja ndovu, mianzi na maji.

Suala la maji linaihusu Mwihoko moja kwa moja. Mito Thika na Chania huzaliwa katika miinuko hiyo, na mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayokinga maji ya Nyandarua, ndiyo tegemeo la jiji la Nairobi. Anayefungua mfereji jijini hunywa ukungu uliomficha Kimathi.

Kwa Kigikuyu, Mwihoko ni tumaini, au kitu cha kuegemea. Waliopanda Nyandarua mwaka 1952 walikuwa na matumaini mawili: kwamba ardhi ingerudi, na kwamba wangefia au kuzikwa katika ardhi hiyo wakiwa huru. La kwanza lilitimia kwa sehemu, na hadi leo sehemu hiyo hujadiliwa. La pili, kwa Kimathi, limesimama kwenye lango la Kamiti kwa zaidi ya miaka 60, likingoja mtu mwenye mamlaka aamuru udongo uchimbwe.